Niliimba kwenye televisheni ya dunia, kijiji kizima kikanisubiri redioni

Wakuu, habari za mchana. Wale mnaotaka kuniamkia, shikamoo zenu nimeshazipokea, maana humu wengi wenu ni wanangu na wengine ni wajukuu kabisa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Manyoni. Huwa nasoma tu nyuzi zenu, nacheka, nafunga simu. Leo nimeamua kuandika. Najua kuna watakaosema hii ni chai. Sawa, inyweni hivyo hivyo, lakini nawahakikishia humu hakuna sukari niliyoongeza.

Ni kuhusu wimbo mmoja wa Bibi yangu. Nimeupata mwaka huu, na nilitakiwa niwe nao tangu utotoni.

Twende taratibu.

Nilizaliwa upande wa Ikungi, kwenye familia ya Kinyaturu ya kulima na kufuga. Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi. Baba alilalamikia mstari ule mpaka anaingia kaburini. Alisema mtu hawezi kupiga chafya bila jirani kumwambia pole.

Sasa, kwetu uwele ukishakauka unapurwa kwenye kiwanja kilichosilibwa vizuri. Wanawake wanasimama pande mbili na fimbo zao, wanapiga kwa zamu, na hiyo zamu inashikwa na wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Wimbo ukiyumba, fimbo zinagongana, na mtu anaweza kuumia mkono.

Kwa hiyo anayeanzisha si mtu yeyote tu. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa anaanzisha, na alikuwa na wimbo wake mwenyewe. Uko kwa Kinyaturu, unamsifu mwanamke aliyepura peke yake usiku mvua ikinyemelea, mpaka ndege wakamwonea huruma wakaacha kula. Nikiutafsiri hapa nitauharibu, nisameheni.

Na sasa sikilizeni hii, maana ndiyo roho ya uzi wote.

Kwetu wimbo wa namna hiyo hauimbwi na mwingine mpaka mwenyewe aurithishe. Na haurithishwi kwa maneno. Mrithi anauanzisha mbele ya watu, watu wa nje ya nyumba, kisha anaacha nafasi. Ananyamaza. Mwenye wimbo ndiye anayeitikia kwanza, peke yake. Akishaitikia, basi, wimbo umehama. Kuanzia hapo hata yeye mwenyewe akitaka kuimba ataitikia tu kama wengine.

Asipoitikia, hujapewa.

Bibi alikuwa ameshasema mrithi ni mimi. Miguu yake ilikuwa inavimba, hawezi tena kusimama kiwanjani. Alikuwa ananifundisha jikoni, mimi naongeza kuni, yeye ananisahihisha kwa kunigonga na mwiko. Tulikuwa tunangojea msimu wa kupura tu.

Kabla ya msimu, kwaya ya shule yetu ikashinda mkoani, Singida mjini. Tuliimba mambo ya kilimo na umoja, zile nyimbo za wakati ule. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza.

Baada ya hapo akaja afisa mmoja wa utamaduni na gari la serikali. Akasema kuna mashindano ya kimataifa ya waimbaji vijana, huko Ulaya, kwenye nchi moja rafiki yetu wa siasa. Kila nchi inapeleka mtoto mmoja. Na mtoto aimbe wimbo wa kwao, si wa kwaya.

Wakanichagua mimi. Mtoto wa Ikungi ambaye treni yenyewe alikuwa anaisikia kwa watu!

Mkutano ukaitishwa mbele ya ofisi ya kijiji. Yule afisa akasimama akasema, "Ndugu wananchi, siku hiyo binti yenu ataimba, na dunia nzima itamwona na kumsikia. Itakuwa kwenye televisheni."

Wakuu, Bara wakati huo hatukuwa na televisheni. Neno lenyewe lilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege. Sisi tulichosikia ni "dunia nzima itamsikia". Na kwetu kitu kilichokuwa kinasikika dunia nzima kilikuwa kimoja tu, redio ya kijiji, ile ya mbao iliyokuwa inakaa kwa katibu.

Mzee mmoja akauliza, "Na sisi wa hapa tumo kwenye hiyo dunia?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akasema, "Mumo, mzee wangu, mumo."

Sidhani kama alidanganya. Nadhani alijibu tu kama wakubwa wanavyojibu wakiwa na haraka ya kuondoka.

Jioni ile nikamwomba Bibi wimbo wake. Akafikiri kidogo. Akasema hao wa Ulaya ni watu wa nje ya nyumba kuliko watu wote wa nje anaowajua. Basi niuimbe huko, niache nafasi, yeye ataitikia akiwa pale pale kwenye redio ya katibu.

"Usikimbie," akaniambia. "Mimi ni mzee, pumzi inachelewa. Niachie nafasi ya kutosha."

Nikaahidi.

Nilivyosafiri nitafupisha. Lori mpaka Manyoni, treni mpaka Dar, kisha ndege. Niliongozana na mwalimu wangu wa kwaya, tumwite Mwalimu Ntandu, mtu wa nidhamu na suti moja. Kwenye ndege nilikataa chakula, nilidhani kinauzwa. Kijiji kilikuwa kimechanga kuku, wakauzwa mnadani nikapata viatu na sweta. Viatu vilikuwa vidogo, lakini nani angethubutu kusema, wakati nimevaa kuku wa kijiji kizima?

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia. Watoto wa kila rangi. Mikamera imesimama kwenye magurudumu. Nikamuuliza Mwalimu, "Hii ndiyo inayopeleka sauti nyumbani?" Akasema, "Ndiyo, inapeleka kila kitu."

Naye hakujua. Nilimuuliza uzeeni akakiri kwamba hata yeye ile siku ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona televisheni. Tulikuwa vipofu wawili tunashikana mikono.

Kwenye mazoezi niliimba moja kwa moja bila kuacha nafasi. Mazoezi ni mazoezi, Bibi hayupo redioni, nimwachie nani nafasi? Kwa hiyo mpiga ngoma niliyepewa, kijana wa kizungu mstaarabu sana, hakujua lolote.

Siku yenyewe ikafika. Taa zikawaka usoni, nikatajwa jina kwa matamshi ambayo mama angecheka mpaka alie. Nikaanzisha.

Wakuu, nisijisifu, lakini siku ile niliimba. Sijawahi kuimba vile kabla wala baada. Ukumbi ulinyamaza kabisa.

Nikafika pale pa Bibi. Nikanyamaza.

Ngoma ikaendelea kidogo, ikasita, ikakatika. Nikamwona yule kijana ananiangalia, macho yamemtoka. Mimi nimetulia. Nilikuwa namwona Bibi kabisa, amekaa kwenye kigoda, anavuta pumzi yake ile ya taratibu, anaitikia. Niliusikia mwitikio wake kichwani mpaka mwisho. Ndipo nikaendelea.

Katikati ya ile nafasi, watu ukumbini walianza kupiga makofi ya kunipa moyo. Walidhani nimesahau maneno! Na waamuzi nao walidhani hivyo hivyo. Sikushinda chochote. Nilipewa cheti cha kushiriki na mdoli wa nywele za njano.

Mwalimu Ntandu hakuongea na mimi mpaka tunapanda ndege. Hapo akaniuliza taratibu, "Ulikumbwa na nini?"

Nikamwambia, "Nilimwachia Bibi."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Lakini mimi sikuwa na huzuni hata kidogo. Kushinda ni kwao. Mimi nilikuwa narudi na wimbo wangu. Ndivyo nilivyojua.

Sasa ya nyumbani, haya nilisimuliwa na mama.

Siku ile kijiji kilitoka mapema shambani. Katibu alikuwa ameanika betri za redio juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Redio ikawekwa juu ya meza nje ya ofisi, na mbele yake kigoda cha Bibi. Bibi alivaa kanga mpya, akasuuza na koo kwa maji ya asali.

Redio ikaleta habari. Ikaleta bei ya mazao. Ikaleta salamu za wagonjwa na waliowasahau, mpira, muziki wa dansi.

Kila kipindi kikibadilika Bibi anauliza, "Ndiye?"

Wanamwambia, "Bado, mama."

Jua likaanza kushuka. Betri zikaanza kuchoka, mtangazaji anaongea kama ana mafua. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kijana mmoja mwenye mdomo akasema, "Labda wimbo umefika Manyoni unasubiri lori." Watu wakacheka.

Bibi hakucheka. Alikuwa ameshawaambia wanawake wenzake wote kwamba leo anarithisha. Sasa amekaa mbele ya watu, kanga mpya, ameshaandaa koo, na mrithi haji. Mama anasema alianza kujifuta uso kwa pindo la kanga, akijifanya ni vumbi.

Hapo ndipo Hadija akaingia.

Hadija ni binamu yangu, binti wa shangazi yangu, tulilingana umri. Alikuwa mpole, sauti yake ya kawaida tu, ya kuombea chumvi kwa jirani. Wimbo aliujua kwa sababu alikuwa anashinda jikoni kwetu wakati nafundishwa. Alipomwona Bibi anajifuta, hakuweza kuvumilia. Akasimama kando ya ile meza, akauanzisha.

Akafika kwenye nafasi, akanyamaza, maana ndivyo alivyousikia unafundishwa.

Na Bibi akaitikia.

Mama anasema hajui kama Bibi aliamua au alizidiwa. Alikuwa amekaa mchana kutwa akisubiri kuitikia, ikamtoka. Lakini watu walikuwepo, watu wa nje ya nyumba. Kina mama wakapiga vigelegele, wengine kwa furaha, wengine ili kufunika aibu. Imekwisha hiyo. Wimbo ukawa wa Hadija.

Nikarudi. Nikapokelewa vizuri, nikasimulia ndege, watu wakashika mdoli nywele. Hakuna aliyeniambia. Bibi alinikumbatia muda mrefu, akasema tu, "Nilikusubiri, mjukuu wangu."

Mimi nikadhani ana maana alinikumbuka.

Msimu wa kupura ukafika. Siku ya kwanza kiwanjani nimeshika fimbo yangu, nimejaa raha, Bibi amekaa pembeni kwenye kigoda. Nikauanzisha.

Nikamaliza mstari. Kimya.

Hakuna aliyeitikia. Fimbo ziko juu, wanawake wote wanaangalia chini. Nikadhani hawakusikia, nikaanza tena kwa nguvu zaidi. Kimya. Hadija alikuwa mbele yangu kabisa, upande wa pili, machozi yanamtoka. Bibi anaangalia viganja vyake.

Mama akaja akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ghala, akanisimulia yote.

Wakuu, nimezika wazazi, nimezika mume. Kimya cha kiwanjani siku ile bado nakisikia.

Jioni nikamwendea Bibi. Nikamwambia niliacha nafasi, niliiacha ndefu mpaka wazungu wakanipigia makofi. Akaniuliza, "Ndefu kiasi gani?" Nikamwonyesha, nikanyamaza vile vile. Alitikisa kichwa, akasema ingemtosha kabisa. Kisha akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka uliofuata akafariki.

Mtaniuliza, kwani hapakuwa na njia? Ilikuwepo. Aliyepewa hawezi kuurithisha wakati aliyempa bado yu hai, ndiyo maana Hadija pale kiwanjani alibaki kulia; lakini Bibi akishafariki, yeye ndiye mwenye wimbo na anaweza kuurithisha. Mimi niuanzishe mbele ya watu, yeye aitikie, basi. Kila mtu kwetu alijua hivyo.

Lakini mimi nimwombe Hadija? Mimi niliyepanda ndege? Nilimwona mwizi. Nilijua si mwizi, nikaendelea kumwona mwizi. Moyo una ujinga wake, hata ukisomeshwa ualimu hauponi.

Hadija aliolewa Mitundu, kule Itigi, na mfanyabiashara mdogo wa nafaka. Kule majirani zake walikuwa wa makabila mengine, hakuna wa kumwitikia kwa Kinyaturu. Akaacha kuimba. Baadaye zikaja mashine za kupura, na kijijini kwetu hata wanaojua kushika ile fimbo wakapungua. Wimbo ukawa umelala Mitundu, kwa mtu asiyeimba.

Mimi nikafundisha shule mbalimbali, mwisho Manyoni. Tulikuwa tunakutana na Hadija kwenye misiba. Salamu, pole, kwaheri.

Sasa mwaka huu binti yangu Neema akanipigia simu anapiga kelele. Ile nchi kituo chao cha televisheni kimeanza kuweka vipindi vya zamani mtandaoni, na yeye alikuwa anatafuta tu kwa kucheza na jina la yale mashindano. Akanitumia clip.

Nikajiona. Picha haina rangi, sweta la kuku, viatu vinanibana mpaka unaona ninavyosimama. Na ile sauti. Mungu wangu, kumbe nilikuwa na sauti ile.

Ikafika nafasi. Nikajiona nimesimama, nimenyamaza, naangalia juu kidogo, natabasamu.

Neema akaniuliza, "Mama, hapa ulisahau maneno?"

Nilikata simu. Nililia nikaosha uso, nikalia tena. Kesho yake nikapanda basi la Itigi, kisha bodaboda mpaka Mitundu. Ile barabara na kiuno changu ni uzi mwingine.

Nilimkuta Hadija uani, ameanika alizeti, majirani zake wawili wanamsaidia kupepeta. Macho yake hayaoni tena vizuri, alinijua kwa kikohozi changu. Akasema, "Ni wewe? Nani kafa?"

Ndipo nilipojua tumefikia wapi. Nikija, lazima kuna aliyekufa.

Nikamwambia hajafa mtu. Nikakaa, nikatoa simu, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Sikumweleza kitu. Nikabonyeza.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono umebaki ndani ya alizeti. Sauti ya mtoto ikaimba, ikafika kwenye nafasi, ikanyamaza.

Hadija akaitikia.

Sauti ilikuwa ya bibi kizee, inakwaruza, lakini aliitikia yote, mpaka mwisho, na yule mtoto kwenye simu akamsubiri mpaka amalize. Kisha akaendelea. Naapa mwitikio na ile nafasi havikupishana hata kidogo. Wale majirani wakaacha kupepeta, hawakuelewa neno, lakini walikuwepo. Watu wa nje ya nyumba.

Halafu Hadija akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike uzi huu.

"Nilikungoja uuanzishe siku ya msiba wa Bibi. Nilisimama karibu yako makusudi. Hukuuanzisha. Nikajua umeudharau, umeona dunia, wimbo wa kupuria uwele wa nini tena."

Nikamwambia, "Mimi nilidhani hutaki kuutoa."

Akasema, "Nautaka wa nini? Mimi nilikuwa nambembeleza Bibi tu."

Hapo hatukucheka wala kulia. Tuliendelea kuchambua alizeti kama vile ndiyo kazi iliyonileta.

Baadaye akaniambia, "Haya, ni wako. Imba basi nikusikie."

Wakuu, nilijaribu. Nilivuta pumzi, nikaanzisha, sauti ikakatika kwenye neno la pili. Miaka yote ya kupigia kelele watoto darasani na vumbi la chaki imeila. Nikajaribu tena, nikaishia kukohoa, Hadija akaniletea maji.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Wimbo nimeupata, sauti imeshaondoka. Neema Kinyaturu anasikia salamu tu. Wajukuu ndiyo kabisa, nikiwaimbia wanasema Bibi anafanya rap. Ningekuwa nimemwambia Hadija neno moja tu pale msibani, ningeuimba ujana wangu wote, na leo kungekuwa na wa kumwachia.

Funzo langu ni dogo. Kama kuna kitu chako kiko kwa ndugu yako, usikae unamsubiri akuletee, na usidhani anakunyima. Nenda kaanzishe wewe. Huenda naye amesimama karibu yako, anasubiri hivyo hivyo.

Na nyie wa Unyambwa, Ikungi, Iramba na kwingineko, kama kuna mama au bibi ambaye bado anapura kwa fimbo na kuimba, niambieni yuko wapi, nitapanda basi. Clip siweki humu, ila mwenye nia ya kweli ya kujifunza huo wimbo aje PM. Awe mtoto wa nani, dini gani, sijali, hata asiwe Mnyaturu.

Mwenye swali aulize, mwenye yake kama hii aseme, na mwenye kunitukana kwa kiburi changu ruksa, nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi nanyamaza sasa. Nimewaachia nafasi.